Siku Herufi Zilipoinama

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mama yake Chiriku alitoa kidonge kimoja kwenye kikopo cheupe, akakiweka juu ya kisahani, akakisukuma mpaka mbele ya baba yake mzazi, babu yake Chiriku. Kisha alisimama pale pale, mikono kiunoni, kama askari wa zamu, mpaka mzee akitie kinywani na kukishushia maji. Mzee alikunywa, akafuta masharubu kwa kiganja, akasema, "Haya, mfungwa amekula." Mama alicheka, akachukua mkoba wake na kuwahi kiwandani, alikokuwa akishona kola za mashati tangu asubuhi hadi jioni.

Chiriku halikuwa jina la shuleni. Babu ndiye aliyempa, kwa sababu tangu mtoto huyo ajue kusema, hajajua kunyamaza. Alikuwa darasa la sita, na hakuna jambo lililotokea darasani ambalo halikufika nyumbani kabla hajavua viatu. Majirani walisema kwamba mwenye mjukuu kama yule hana haja ya redio.

Babu mwenyewe alikuwa mchoraji wa mabango. Aliandika majina ya maduka kutani, maneno ya onyo kwenye mageti, na namba za vyumba kwenye milango ya shule. Ukipita mtaa wowote wa mji ule, ungekuta mkono wake. Watu walisimama kumtazama akivuta mstari mrefu bila rula, ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Wengine walimwita Mzee Brashi, naye aliitikia kwa fahari.

Muda si mrefu uliopita, muuguzi wa kituo cha afya alimpima mzee na kumkuta ana shinikizo la juu la damu, yaani presha. Hapo ndipo kikopo cheupe kilipoingia nyumbani, na chumvi ikapunguzwa jikoni. Mama aliyachukua maagizo yote ya muuguzi akayasimamia kwa ukali wa upendo.

Asubuhi moja Chiriku alikuwa amekwishatoka kwenda shule alipokumbuka kwamba amesahau rula. Alirudi mbio, akapitia mlango wa nyuma. Uani alimkuta babu ameinama juu ya kopo la mafuta ya taa alimoloweka brashi zake. Mzee aliingiza kidole shavuni, akatoa kitu kidogo cheupe, akakidondosha ndani ya kopo. Kikazama kwenye rangi chafu.

"Babu, hicho si kidonge chako?" Chiriku aliuliza.

Babu alishtuka, kisha akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa na mtani wake. Alimkalisha Chiriku kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza. Tangu aanze dawa ile, alisema, kila akipanda ngazi kichwa kinazunguka. Juzi nusura adondoke kwenye ukuta wa duka la mbao. Mchoraji wa mabango asiyeweza kupanda ngazi ni sawa na mvuvi anayeogopa maji. Tena yeye haumwi popote, si kichwa, si kifua. Huo ni ugonjwa gani usiouma? Akamalizia kwa sauti ya chini, "Mama yako ana mambo yake mengi. Hili liwe letu wawili, mwenzangu. Usimwambie."

Chiriku aliahidi. Njia nzima ya kwenda shule alijiona mkubwa. Hajawahi mtu mzima kumwamini kwa jambo zito kama lile.

Lakini siri haikai peke yake. Baada ya hiyo ikaja nyingine. Babu alilalamika kwamba mboga za siku hizi ni kama kula nyasi, akamkonyeza mjukuu wake, na Chiriku akaanza kumletea chumvi kidogo kwenye karatasi kila mama alipogeuka. Babu aliinyunyiza juu ya chakula, akala kwa raha. Mwanzoni Chiriku alicheka naye. Baadaye akaacha kucheka. Mama aliposimama mikono kiunoni asubuhi, Chiriku aliangalia chini kwenye kikombe chake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na neno la kusema na hana pa kulisemea.

Kisha muuguzi yule yule akaja shuleni kufundisha afya. Alichora ubaoni bomba la maji, akasema mishipa ya damu ni kama mabomba. Maji yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, siku nyingi bomba litaonekana zima tu, mpaka siku litakapopasuka au kuziba. Ndivyo presha inavyofanya kazi, kimyakimya, na mshipa ukipasuka au ukiziba kichwani mtu hupata kiharusi. Akawafundisha dalili zake. Mdomo huenda upande, mkono mmoja hupoteza nguvu, maneno hayatoki sawasawa. "Mkiona hata moja kati ya hizo," alisema, "msingoje ipite. Msimpe mtu huyo chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Mkimbizeni hospitali."

Muuguzi alipouliza kama kuna mwenye swali, darasa zima lilimgeukia Chiriku, kwa kuwa yeye hakukosa swali. Siku hiyo alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu. Mwalimu alidhani anaumwa.

Jioni alimweleza babu yote aliyoyasikia. Mzee alisikiliza huku akikausha brashi kwa kitambaa, kisha akasema, "Muuguzi wenu amesoma kweli, lakini hajapanda ngazi." Chiriku alicheka, ingawa hakutaka. Usiku huo alijiambia kwamba kesho atamwambia mama. Kesho ilipofika akasema kesho kutwa.

Jumamosi iliyofuata babu alikuwa na kazi kwenye duka la viatu. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Soli. Alitaka ukuta wake wote wa mbele uandikwe kwa rangi nyekundu: VIATU IMARA KWA FAMILIA NZIMA. Chiriku alikwenda kumpelekea babu chakula cha mchana. Alimkuta yuko juu ya ngazi, amekwishamaliza maneno matatu, naye akaketi kwenye kizingiti cha duka kumsubiri, akimsimulia Mama Soli habari za mwalimu wao mpya wa hesabu.

Alipotazama tena juu, babu alikuwa katikati ya FAMILIA. F na A zilikuwa zimesimama wima kama kawaida yake. M ilikuwa imelala kidogo. I ilikuwa fupi, kama imeandikwa na mtoto wa chekechea. L ilikuwa inashuka ukutani, mguu wake ukiburutwa mpaka chini ya mstari.

Kwanza Chiriku alidhani ni utani. Babu alipenda utani.

"Babu," aliita, "herufi zinainama."

Mzee aligeuka polepole, akajibu kitu. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalitoka yamekunjamana, kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Brashi ikamponyoka, ikagonga ngazi, ikaacha mchirizi mwekundu kwenye suruali yake.

Mama Soli aliruka kwa wepesi ambao hakuna aliyejua anao. Aliikamata ngazi kwa mikono miwili na kumwambia mzee ashuke taratibu. Mguu wa kulia ulitafuta kipandio ukakikosa. Chiriku akaushika na kuuweka, kipandio baada ya kipandio, mpaka babu akafika chini. Wakamkalisha kwenye benchi la kujaribia viatu.

Mama Soli akasema ni jua tu. Mzee amesimama juani tangu asubuhi na hajala, anahitaji maji ya baridi na chai yenye sukari nyingi, kisha alale kidogo kule nyuma kwenye maboksi. Akageuka kwenda kuchukua maji.

Chiriku alipiga magoti mbele ya babu. "Babu," alisema, "hebu nichekee."

Babu akacheka. Upande mmoja wa uso ulicheka kama siku zote. Upande wa pili ulikaa vilevile, umelegea, kama si wa mtu mmoja.

Akamwambia anyanyue mikono yote miwili. Ilinyanyuka pamoja, lakini wa kulia haukukaa. Ulianza kushuka wenyewe, polepole, na babu akautazama ukishuka kama anautazama mkono wa mtu mwingine. Hapo Chiriku akaona hofu machoni mwa babu yake, kitu ambacho hajapata kukiona.

Mama Soli alikuwa amerudi na bilauri mkononi. Chiriku alisimama akamzuia. "Mama, usimpe kitu. Hiki ni kiharusi. Tumpeleke hospitali sasa hivi, tafadhali."

Mama Soli alimtazama mtoto, akamtazama mzee. Akaweka bilauri chini. Alikuwa na gari dogo la mizigo la kubebea maboksi ya viatu. Hakupoteza muda hata wa kufunga duka. Alimwomba jirani yake kinyozi aliangalie, wakampakia mzee kwenye kiti cha mbele, na Chiriku akajibana katikati, ameshika ule mkono wa kulia. Njiani Mama Soli alimpa simu ampigie mama yake. Chiriku alisema maneno machache kuliko aliyowahi kusema maishani: babu ameugua ghafla, tunaelekea hospitali, njoo.

Hospitalini waliposema ni kiharusi hawakuwekwa foleni. Mzee alilazwa kwenye kitanda chenye magurudumu, daktari akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, kikajaa upepo kwa sauti ya kuguna. Daktari aliangalia namba, akapima tena. Nyusi zake zikapanda. Wakamkimbiza mzee chumba cha kupigwa picha ya kichwa na kumrudisha.

Mama alifika anahema, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye sketi. Alimshika baba yake shavuni. Mdomo ulikuwa umeanza kurudi mahali pake, na vidole vya kulia vilianza kujikunja kidogo, lakini ulimi bado ulikuwa mzito.

Daktari akamuuliza mama kama mzee ana presha na kama anatumia dawa. Mama akajibu bila kusita, "Kila siku, daktari. Asubuhi kabla ya chai. Namsimamia mwenyewe kwa macho yangu."

Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema kama ni hivyo, basi dawa ile imeshindwa kazi kabisa, maana presha iko juu sana. Itabidi aongeze nyingine kali zaidi juu ya hiyo. Akachukua kalamu.

Chiriku alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Babu alikuwa anamwangalia. Midomo yake ilicheza, akataka kusema, likatoka "Mi... mi..." tu, kisha akachoka. Chiriku hakujua babu anataka aseme au anyamaze. Alikumbuka ahadi yake. Akaona pia kwamba daktari ameanza kuandika, na kwamba anachokiandika kinatoka kwenye uongo ambao mama yake hajui kuwa ni uongo.

"Babu hamezi," alisema.

Kalamu ikasimama. Mama akageuka.

Chiriku alieleza yote kwa pumzi moja: kidonge kwenye shavu, kopo la mafuta ya taa, kizunguzungu cha ngazini, karatasi za chumvi. Alipofika kwenye chumvi machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Mama aliketi kwenye kiti. Babu alifumba macho, kisha akayafumbua, akatikisa kichwa juu na chini. Ni kweli.

Daktari hakumgombeza mtu. Alikata kwa mstari alichokuwa ameandika, akamwambia Chiriku kwamba amefanya jambo la maana sana. Kama angeongeza dawa kali juu ya dawa ambayo mzee hakuwa anaimeza, na huko nyumbani akasimamiwa azimeze zote mbili kweli, presha ingeweza kuporomoka ghafla, naye angeanguka vibaya zaidi. "Daktari anatibu kile anachoambiwa," alisema. "Nikiambiwa nusu, natibu nusu."

Picha ya kichwa ilipotoka, walipumua. Hakukuwa na damu iliyovuja wala sehemu iliyokufa. Mshipa mdogo ulikuwa umeziba kwa muda, kisha ukafunguka. Daktari aliwaeleza kwamba safari hii kiharusi kilibisha hodi tu. Kingine kinaweza kuingia bila hodi, na hicho huweza kumwacha mtu kitandani maisha yake yote, au hata kumuua. Kufika mapema kumesaidia. Atalazwa waangalie hali yake, na watampa dawa ya kuzuia damu isigande.

Walipotoka nje kwenye ukumbi, mama alimvuta Chiriku kando. Chiriku alisubiri kufokewa. Mama alimuuliza tu, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumwambia.

"Niliahidi, mama."

Mama alitoa nyuzi kwenye sketi yake moja moja. Kisha akamkumbatia. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilimsimamia kama mfungwa. Sikumuuliza hata siku moja hiyo dawa inamfanyaje."

Jioni hiyo ulimi wa babu ulifunguka. Neno lake la kwanza lililonyooka lilikuwa kuomba mto mwingine, na la pili lilikuwa kulalamika kuhusu uji. Mama alicheka huku analia. Mama Soli, ambaye hakuwa ameondoka hata baada ya kinyozi kumpigia simu kwamba wateja wamejaa, alisema sasa anaweza kwenda, kwani mgonjwa anayelalamika amepona.

Kesho yake babu mwenyewe alimweleza daktari habari za kizunguzungu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba hilo ni jambo la kawaida kwa baadhi ya watu, na kwamba kuna dawa za aina nyingi. Atabadilishiwa, aanze na kiasi kidogo, ameze usiku badala ya asubuhi, asinyanyuke ghafla kutoka kitandani, na wampime mara kwa mara.

"Kumbe zipo nyingine?" babu aliuliza.

"Zipo, mzee. Ungesema tu."

Babu alitazama dari. "Nusura nife kwa ajili ya neno moja ambalo sikulisema," alisema.

Aliporudi nyumbani mambo yalibadilika, ingawa si yote kwa raha. Mama aliacha kusimama mikono kiunoni. Badala yake alimuuliza baba yake kila jioni ameamkaje na ameshindaje, na mzee akajibu kweli. Chumvi ilibaki kidogo, lakini mama aligundua kwamba limau na kitunguu saumu vinaweza kuifanya mboga isiwe nyasi. Asubuhi babu alitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akilalamikia mbwa wa watu njia nzima. Alipopata nguvu alirudi kazini, kwanza kwa mageti mafupi yasiyohitaji ngazi, baadaye kwa ukuta wa Mama Soli, ambao aliupaka upya na kuuandika mstari umenyooka.

Siku ya kurudi kituo cha afya kupimwa, Chiriku aliomba aende naye. Walikaa kwenye benchi refu pamoja na wazee wengine, wakasogea kila aliyetangulia alipoitwa. Ilipofika zamu yao, muuguzi alimfunga babu kitambaa mkononi, kikajaa, kikaguna, kikatoa upepo. Chiriku alikodolea macho uso wa muuguzi kama anayesubiri majibu ya mtihani.

"Imeshuka," muuguzi alisema. "Iko pale pale tunapoitaka."

Mabega ya Chiriku yalishuka.

Babu aliuliza, nusu kwa utani, je, kwa kuwa presha imeshuka, si aache dawa sasa. Muuguzi, ambaye Chiriku alikwisha kumsimulia habari za kopo, alicheka. "Mzee wangu, nyumba isiyovuja haing'olewi mabati. Imeshuka kwa sababu unameza. Endelea kumeza, na dawa ikikusumbua njoo uniambie mimi, usiliambie kopo la rangi."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango alisikia. Alijikohoza, akamuuliza muuguzi kama na yeye anaweza kusema jambo kuhusu dawa zake. Muuguzi akamvutia kiti.

Nje, babu hakuondoka mara moja. Alimsimamisha Chiriku kivulini, akamwekea mkono begani, ule wa kulia, nao ulikuwa mzito na wenye nguvu.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Nilipokuomba unyamaze nilidhani nakupa heshima. Kumbe nilikutwika mzigo wa mtu mzima, na mtoto hapaswi kuubeba. Siri ya zawadi, itunze. Siri inayomweka mtu hatarini, usiitunze hata ukiombwa na mimi. Mtafute mtu mzima mwingine umwambie. Atakayekukasirikia leo atakushukuru kesho. Na ugonjwa usiouma, usiudharau. Unaouma hukukimbiza kwa daktari. Usiouma hukuacha unacheka, huku unakumaliza. Mimi ulimi wangu ulikuwa umefungwa siku ile, nataka kusema kweli siwezi. Wewe ukanisemea."

Chiriku alimkumbatia babu kiunoni, akanusa harufu ya rangi kwenye shati lake. Kisha wakashikana mikono wakaelekea kiwandani, ambako mama alikuwa ametoka kwa mapumziko ya mchana na kusimama getini, anawatazamia. Chiriku alimwona kwa mbali, akaanza kukimbia ili ampe habari njema kabla hajauliza.